Wigi tumevaa, densi tumecheza, mbona bado haifanani na anime?

Swali: "Sisi ni wasichana watatu wa mtaa wa Umoja, Nairobi, sote tumepita miaka 20. Tumependa anime tangu shule ya upili na tunataka kutengeneza video fupi ya densi, sekunde 15 hivi, yenye ule urembo wa katuni za Japani. Tumenunua wigi za rangi, tumerekodi kwa simu, lakini tukitazama tunaona wasichana wa kawaida wanaodensi wakiwa na wigi. Tuna simu mbili za Android, kompyuta moja ya zamani na shilingi 5,000. Mmoja wetu anajua kuchora kidogo, na mmoja, tuseme ukweli, hajui kudensi. Tuchore yote au tucheze wenyewe? Na huyo mwenzetu tumweke wapi?"

Jibu:

Wadogo zangu, chezeni wenyewe. Mkono wa yule anayejua kuchora mtauhitaji, tena sana, lakini mwishoni na kwa sehemu chache tu. Video ya sekunde 16 inayokwenda fremu 24 kwa sekunde (fremu ni picha moja moja zinazounda video) ina fremu 384. Hata kila mchoro ukikaa fremu mbili, ni michoro 192, na kila mmoja una watu watatu ndani yake. Mtu anayejifunza ataichukia kazi hiyo kabla hajafika nusu.

Kwa maelezo yenu, nadhani tatizo liko hapa: mnadensi mfululizo. Mwili unatoka mwendo huu kuingia ule bila kutua, na kwenye sherehe hivyo ndivyo inavyotakiwa. Densi ya anime hujengwa kwa pozi. Mhusika anafika, anatua, anakaa mpaka jicho lishibe, halafu anarukia pozi jingine upesi kiasi kwamba njia aliyopita haionekani sawasawa. Urembo mnaoupenda umo kwenye ule mtuo. Wigi haiwezi kuuleta, na wala kichujio cha simu hakiwezi.

Mtindo huu una asili yake. Mchoraji katuni Osamu Tezuka alipoanza kurusha katuni zake kwenye televisheni ya Japani Januari 1963, kila wiki ilidai kipindi kipya cha nusu saa, na pesa na wachoraji havikutosha kuchora kila fremu. Wakapunguza: mchoro mmoja ukakaa fremu 2 au 3, mdomo ukasogea huku mwili umetulia, picha ile ile ikatumika tena. Waliofuata wakaugeuza uhaba ule kuwa ustadi, wakajua wapi pa kusimamisha na wapi pa kuachilia. Mwaka 2006 studio ya Kyoto Animation ilifunga vipindi vya mfululizo wake mmoja kwa densi ya wahusika, na mashabiki wakajifunza hatua zile na kujirekodi wakizicheza hadharani. Nyinyi mko kwenye ukoo huo. Ndiyo maana nasema msione haya kucheza kwa miili yenu badala ya kuchora. Watu wamefanya hivyo kwa miaka mingi na ikapendeza.

Anzeni na muziki. Kabla ya kuuliza ni wimbo gani mnaoupenda, ulizeni una mapigo mangapi kwa dakika. Kwenye fremu 24 kwa sekunde, wimbo wa mapigo 120 unapata fremu 12 kamili kwa kila pigo. Wa 96 unapata 15, wa 144 unapata 10, wa 160 unapata 9. Wa 128 unapata fremu 11 na robo, na robo hiyo itawatesa: kila mkitaka pozi litue juu ya pigo, picha itawahi au itachelewa. Chukueni 120. Mapigo 32 kwa kasi hiyo ni sekunde 16 barabara, yaani moja hadi nane mara nne, kama mnavyohesabu mazoezini.

Umoja hakukosi kijana anayetengeneza biti chumbani kwake. Muombeni kipande cha sekunde 16, awawekee kofi au kengele kali kila baada ya mapigo manne, na mkubaliane kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, kwamba mna ruhusa ya kukitumia. Wimbo wa mtu unalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, na ulinzi huo hudumu miaka 50 baada ya mtunzi kufariki. Kusema "tumechukua kidogo tu" hakukupi ruhusa. Tena kipande kilichotengenezwa kwa ajili ya densi yenu kitawafaa kuliko kile ambacho densi italazimika kukifuata.

Sasa mpango wenyewe. Chukueni karatasi ya A4, ikunjeni mara tatu, mkiikunjua mtakuta vyumba 8. Kila chumba ni pozi moja, na kila pozi lina mapigo 4. Pozi litue juu ya pigo la kwanza. Likae la pili na la tatu. Pigo la nne ni la kujikusanya na kuruka: kati ya fremu zake 12, toeni kama 8 kwa kujikusanya na 4 kwa kuruka. Kujikusanya ni kwenda kinyume kidogo kabla ya kwenda unakokwenda. Anayetaka kuruka juu anashuka kwanza. Anayetaka kunyoosha mkono kulia anauvuta kushoto. Wacheza densi wengi hukiacha kipande hiki kwa sababu wanataka kuwahi pigo, na bila hicho mtuo unaofuata hauna nguvu, maana mtazamaji hakuandaliwa.

Mapozi manane. Mkitamani la tisa, ondoeni moja. Najua mtaona ni machache, lakini hesabuni: kila moja linakaa machoni sekunde moja na nusu, na kwenye skrini ndogo ya simu huo ni muda wa kutosha kabisa kulitambua, kulipenda na kutaka kuliiga. Mkiweka ishirini hakuna hata moja litakalokumbukwa.

Kutua hakumaanishi kukauka. Mwili umetulia, lakini kitu kimoja kiendelee: kichwa kilale upande kidogo, bega lipumue, utepe uliofungwa mkononi umalizie safari yake. Wachoraji wa anime huacha nywele na nguo zifike fremu mbili au tatu baada ya mwili, na nyinyi mnaweza kupata hilo bure kwa kuvaa vitu vinavyoning'inia.

Kila pozi lipimeni kwa kivuli. Mmoja asimame mbele ya dirisha lenye mwanga, mwenzake ampige picha hadi awe mweusi mzima. Je, mtu asiyejua atatambua anachofanya? Mkono uliopita mbele ya kifua hupotea. Ngumi mbili zilizoshikwa karibu na mashavu huonekana tu kama viwiko vimetoka nje ya mwili. Vidole vya miguu vinavyoangaliana kwa ndani huufanya mwili uonekane mdogo na wenye haya, ndiyo sababu anime huvitumia sana. Vitumieni mara moja au mbili, mkivirudia kila chumba vinachosha.

Na pozi moja angalau liwe la kwetu. Mkiwa na mtu anayekijua chakacha, ngoma ya Pwani, kiuno chake kitasema jambo ambalo video elfu za wigi hazijasema. Mimi ningeweka mabega ya isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega ambayo UNESCO iliiandika mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Lakini kuna jambo la kiufundi hapo. Mtikisiko wa mabega ni wa kasi, na mkiukata kwa fremu chache kama sehemu nyingine utageuka mkwaruzo. Katika chumba hicho acheni fremu zote 24 zipite. Video nzima inaruka pozi kwa pozi, halafu ghafla kwa sekunde mbili inatiririka: jicho litakwenda hapo lenyewe. Uwekeni chumba cha 6, ili viwili vya mwisho virudi kwenye mtuo.

Chini ya kila chumba andikeni uso. Mshangao, kununa, kicheko cha macho yaliyofumba, kujidai. Uso ubadilike wakati wa kuruka na uwe umeshakamilika pozi linapotua. Na kichujio cha kurembesha kizimeni kabisa. Kinafuta mistari midogo ya uso inayobeba hisia, na zaidi ya hapo kinaifanya ngozi iwe nyeupe. Wahusika wa anime wanaweza kuwa na rangi yenu, hilo halihitaji ruhusa ya mtu.

Pozi la mwisho limalizike mikono ikiwa pale inapojikusanya kwa ajili ya pozi la kwanza. Video fupi hujirudia yenyewe, na mshono usipoonekana watu hutazama mara tatu bila kujua.

Mahali: msiende mbali. Pandeni kwenye paa la ghorofa mnamokaa, pale nguo zinapoanikwa. Anime imejaa mapaa ya shule, na sisi Nairobi tuna mapaa yenye kamba za nguo, matangi ya maji na anga pana nyuma yake. Shuka la rangi moja likipepea nyuma yenu ni pazia bora kuliko la kukodi. Ombeni msimamizi wa ploti mapema. Kuta za mapaa mengi ni fupi, kwa hiyo choreni mstari wa chaki mita mbili kutoka ukingoni na asiuvuke mtu, hata kama picha ingependeza zaidi.

Msirekodi adhuhuri. Nairobi iko zaidi kidogo ya digrii moja kusini mwa ikweta, na jua la saa sita linawapiga utosini. Nyusi zinaangusha kivuli machoni, na anime bila macho imekufa. Wakati wenu ni kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili jioni, jua likiwa limeinama upande. Anime hupaka rangi ya msingi na kivuli kimoja chenye ukingo mkali, bila kufifisha. Jua la pembeni linachora kivuli cha namna hiyo shavuni na shingoni bila gharama. Fanyeni mazoezi mchana, kila kitu kiwe tayari kabla, maana huku kwetu giza likishaanza kuingia halisubiri mtu. Mkiipanga Julai, mawingu yatawapa mwanga laini siku nzima. Hapo vivuli vitakosekana, basi nguo ndizo zibebe rangi.

Mkilazimika kurekodi ndani, jueni umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi humeta mara 100 kwa sekunde. Macho hayaoni, kamera inaona mistari inayopanda na kushuka. Wekeni kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila picha, iwe sekunde 1/50 au 1/100 na mistari itapotea. Programu ya bure ya Open Camera hukuruhusu kurekebisha mambo haya kadiri simu yenyewe inavyoweza. Humo humo tafuteni fremu 24 kwa sekunde. Simu ikikataa na kutoa 30 tu, hamjaharibikiwa: kwa mapigo 120 kila pigo litakuwa na fremu 15, nanyi mtashikilia kila picha kwa fremu 3, yaani picha 10 kwa sekunde.

Simu isimame wima, video iwe 1080 kwa 1920, lenzi ya kawaida, kimo cha kifua, mita tatu au nne kutoka kwenu. Ile lenzi pana ya 0.6 inapinda walio pembeni. Acheni nafasi chini ya miguu na upande wa kulia, kwa sababu maandishi na vitufe vya programu ya kutazamia video vitakaa hapo. Tripodi ya simu mtaipata barabara ya Luthuli mjini kwa bei mnayoiweza.

Kuhusu nguo, wigi ningeziweka kando kwanza. Nywele zenu zikifungwa mafundo mawili makubwa juu ya kichwa zinatoa umbo linalosomeka hata mkiwa kivuli, tena hazitelezi mkiruka. Wigi ya nyuzi ndefu hung'aa juani na kufunika uso pale pale uso unapohitajika. Kama mmoja anaipenda yake sana, aikate mbele nyusi zionekane.

Hela pelekeni kwenye sketi za marinda. Rinda lililojaa linataka kitambaa mara tatu ya kiuno: kiuno cha sentimita 80 kinataka 240. Kwenye kitambaa cha upana wa sentimita 150, vipande viwili vya urefu wa 45 vinatosha na pindo linabaki, kwa hiyo mita moja kwa kila mtu. Nunueni Eastleigh, kitambaa cha poliesta, kwa sababu marinda yake hukaa yakishapigwa pasi, ilhali ya pamba hufumuka kabla hamjamaliza mazoezi. Kitenge kizima msikitie marinda, maua yake yatakatika vipande vipande; kiwe utepe wa pindoni au wa kiunoni. Fundi yeyote wa mtaani anaijua kazi hii. Kila mmoja avae baika, kaptura ya kubana, ndani. Paani kuna upepo, na mtu anayeshika sketi yake hawezi kushika pozi. Rangi zisizidi tatu kwa nyote: moja ya pamoja, na kila mmoja ya kwake, kama wahusika wanavyotofautishwa.

Mkisharudi na video, toeni nakala yake ya pili kwa fremu 12 kwa sekunde. Kwenye programu ya kuhariri video, katika mradi wa fremu 24, iwekeni nakala hiyo juu ya ile ya kwanza, kisha katakateni: ya fremu 12 ionekane kwenye mituo, ya fremu 24 ionekane chumba cha isukuti peke yake. Kata zote zinajulikana tayari, kwa kuwa kila chumba ni fremu 48. Cha pili kinaanza fremu ya 48, cha tatu ya 96, cha sita ya 240. Pozi likichelewa fremu mbili, livuteni. Mkifanya hili tu na kutazama, mtaona video imeshabadilika kabla ya kuchora hata mstari mmoja.

Hapo ndipo mchoraji wenu anaingia. Krita ni programu ya bure na inaweza kuingiza video fremu kwa fremu, lakini kwa kompyuta ya zamani ingizeni vipande vifupi, msiingize sekunde zote 16. Kazi yake ya kwanza ni zile fremu 4 za kila kuruka: michoro miwili tu, ya mistari ya kasi, mkono uliorefuka kupita kiasi, vumbi miguuni. Miruko 8, michoro 16. Kazi ya pili ni chumba cha mwisho, ambapo anawafuatisha nyote juu ya video kuwa katuni. Kufuatisha si kudanganya. Max Fleischer alibuni njia hiyo Marekani mwaka 1915 na wachoraji wakubwa wameitumia tangu hapo. Sekunde 2 kwa fremu 12 ni michoro 24. Jumla 40, na hiyo inawezekana kwa jioni za wiki chache.

Akipaka ngozi, kivuli kiwe kahawia inayoelekea wekundu au zambarau. Kijivu huifanya ngozi yetu ionekane imepauka. Mstari wa nje uwe kahawia iliyokolea badala ya weusi mtupu, na macho yapate doa jeupe upande ule ule jua lilikotoka siku ya kurekodi.

Huenda mtaambiwa mtumie MikuMikuDance, ambayo imekuwepo tangu 2008 na ni ya bure, mtengeneze wanasesere na kuwachezesha. Ni programu nzuri. Ila mtatumia wiki mkijifunza kusogeza mifupa ya mwanasesere, na nyuso zenu, ambazo ndizo mali mliyo nayo, hazitakuwemo.

Sasa mwenzenu asiyejua kudensi. Mwekeni katikati. Mpango huu unamfaa kuliko nyinyi wawili, kwa sababu robo tatu ya muda ni kutua, na mtu asiyezoea kudensi hana tabia ya kujazia jazia miendo midogo ambayo nyinyi mtahangaika kuiacha. Mpeni mapozi manne tu, kila moja alikalie vyumba viwili, mapigo 8, huku nyinyi mkibadilika pande zake. Ajifunze kujikusanya na kuruka mara nne, basi. Kwenye chumba cha isukuti asicheze. Awatazame mabega yenu kwa ule uso wa mshangao. Na kwenye chumba cha mwisho, mchoraji amfanye kibonzo kifupi chenye kichwa kikubwa, urefu wa vichwa viwili na nusu. Kibonzo cha namna hiyo hakina viungo vingi vya kusogeza: michoro mitatu inayorudiwa inamtosha, na mtakuwa mmepunguza hata ile hesabu ya 40.